Wimbo Unaotoka kwa Adolphine

– Toa hiyo kintu kwa kinywa, unijibu.

Casimir hakuitoa. Kile kipande cha tete, ule ulimi mdogo unaoliza saksofoni, kilikuwa katikati ya midomo yake kinalowana, na yeye hakuwa mtu wa kukitoa nusu saa kabla ya kupiga. Kila Jumapili ilikuwa hivyo. Ndimi za kununua hazikufika Baraka, kwa hiyo alichonga matete ya ziwani kwa wembe, akaweka moja mdomoni, akawa bubu hadi muziki uanze. Kwa miaka minne ya ndoa Constance alikuwa amezoea ububu huo. Siku hiyo hapana.

Alikunjua ile karatasi aliyoikuta kwenye sanduku la saksofoni, akaisoma kwa sauti mara ya tatu.

"Siku ya ine kuja mapema. Pita mulango ya nyuma. Constance asijue. Adolphine."

– Constance asijue, alirudia. Basi Constance amejua. Huyu Adolphine ni nani kwako?

Casimir alikitoa kile kipande polepole.

– Ni fundi ya kushona, si unamujua. Iko anatushonea mashimizi ya orchestre.

– Mashimizi.

– Ndiyo. Nilitaka nikushangaze.

– Casimir, mashimizi yenu alishona Useni. Mi ndiye nilienda kuyachukua. Mi ndiye niliyapiga pasi asubui hii. Moja uko nayo kwa mwili.

Casimir aliinamisha kichwa akatazama shati kifuani mwake, kama anayehakikisha. Hapo ndipo mwanamume mwenye akili angesema ukweli akapona. Yeye akarudisha tete mdomoni.

Ilikuwa mwaka 1957, na Baraka nzima ilimjua Casimir. Alijifunza kupuliza kwa mapadri, kwenye fanfare, kikundi cha tarumbeta cha misheni, akapata saksofoni iliyochoka, akaiziba matundu kwa ngozi ya mbuzi, akaanzisha Mawimbi Jazz pamoja na Placide wa gitaa. Wimbo wao wa kwanza uliopendwa uliitwa "Constance". Aliutoa kwa mkewe huyu huyu, kwa namna alivyokuwa akijiimbia bila maneno wakati wa kupepeta mchele. Casimir alikuwa akikaa mlangoni na saksofoni magotini, anasikiliza, anamwambia: "Rudilia hapo." Wanawake wa sokoni walimsalimu Constance kwa kuuguna wimbo wake. Naye alijidai, kwa nini asijidai? Kwa hiyo wivu wake haukuwa wivu wa mtu asiye na kitu. Alikuwa na kitu, na aliona kinachukuliwa.

Saa tisa alasiri walikuwa kwenye baa ya Anatole, maana dansi ya Jumapili ilianza jua likiwa bado kali. Constance alikaa benchi la mbele, mahali pake pa siku zote. Walipiga "Constance", watu wakacheza. Wakapiga nyingine mbili. Kisha Casimir akainua mkono, Placide akanyamazisha nyuzi, na saksofoni ikabaki peke yake.

Ulikuwa wimbo mpya, wa taratibu. Ulipanda kidogo, ukasita, ukarudi pale pale, ukapanda tena. Waliokuwa wakicheza walisimama walipokuwa. Constance alisikia nywele za mikononi zinasimama, akataka kulia, na hapo hapo akauchukia wimbo ule kuliko kitu chochote duniani. Ungekuwa mbaya angecheka. Ulikuwa mzuri, na haukutoka nyumbani kwake.

Aligeuka. Nyuma kabisa, karibu na mlango, alikuwa amesimama Adolphine, mjane wa miaka kama thelathini na mitano, shingo ndefu, kitambaa cha zambarau kichwani. Machozi yalikuwa yanamtiririka bila haya. Lakini si machozi yaliyomkata Constance maini. Ni midomo. Midomo ya Adolphine ilikuwa inacheza bila sauti, na ilikuwa inatangulia saksofoni. Alijua kinachokuja.

Dansi ilipokwisha Constance alimbana Placide kwenye kona akifunga gitaa lake.

– Placide, ule wimbo mulijifunza kwa répétition ya siku gani?

– Wimbo gani, shemeji?

– Usinichezee.

– Mi napiga gitaa tu. Kila siku ya tano anakuya na kipande kipya, anasema tumufwate. Tunamufwata.

– Siku ya tano iko nacho. Basi anakitoa fasi ingine siku ya ine.

Placide alijikuna kichwa. Siku ya ine ni Alhamisi, na Alhamisi Casimir husema anakwenda kukata matete.

– Shemeji, uliza bwana yako. Mi niachie na gitaa yangu.

Kesho yake Constance hakuwa na haja ya kuuliza mtu. Kulthumu, jirani yake, mke wa Lukmani mwenye kamio, lori la mizigo, aliweka sinia la maandazi chini, akaketi bila kukaribishwa.

– Mi siko muntu ya kupeleka maneno, alianza Kulthumu, na Constance akajua maneno yamefika.

– Sema, dada.

– Alhamisi tatu zimepita. Nilikuwa natoka mutoni na nguo. Bwana yako akaingia kwa Adolphine, mulango ya nyuma, na sakso yake. Nikasema labda ni kazi. Nikapumzika kidogo.

– Ulipumzika wapi?

– Kwa kichaka, karibu na ukuta. Miguu ilikuwa inaniuma.

– Ukasikia nini?

– Mwanamuke anaimba. Sauti ya chini, polepole, sauti ya muntu mwenye hana haraka, Mungu anisamehe. Akinyamaza, sakso inaimba. Sakso ikinyamaza, anaimba tena. Vile saa mbili nzima.

– Saa mbili ulikuwa umepumzika?

– Miguu, dada.

Constance alinunua maandazi sita ambayo hakuyala. Alikaa na picha moja kichwani mwake: Casimir ameketi, saksofoni magotini, anamwambia yule mwanamke, "Rudilia hapo." Hilo neno ndilo lililomtesa. Mengine aliweza kuyafikiria akaendelea kupepeta mchele. Hilo hapana.

Siku hiyo hiyo alichukua kalamu akamwandikia mama yake, aliyekuwa akiishi kijiji cha mlimani, njia ya kwenda Fizi, amngoje Jumamosi, akampa Lukmani apeleke na kamio.

"Mama, nakusalimia sana. Casimir iko na mwanamuke. Siku ya posho nitapanda kamio nirudi kwako. Nitayarishie fasi ya kulala. Mutoto yako, Constance."

Mama yake, Florentine, alikuwa mkunga. Nusu ya watoto wa mlima ule walianza kushikwa na mikono yake. Nyumbani kwa Constance hakuwa akija, na hilo halikumshangaza mtu: mama mkwe haingii ovyo kwa mkwewe. Tangu arusi aliingia mara moja tu, mwaka uliopita, Constance alipougua homa na kuzungumza ovyo siku nne. Hata hapo Casimir alihamia uani mpaka mama mkwe akaondoka.

Jibu lilikuja Jumatano kwa mwandiko wa katekista, maana mama hakusoma.

"Mutoto yangu, usitoke kwa nyumba yako. Usimufukuze bwana yako. Iko maneno nitakueleza mi mwenyewe. Nakuomba uvumilie siku chache. Mama yako."

Constance aliikunja karatasi mpaka ikawa ndogo kama ukucha. Hata mama. Hata mama yuko upande wake. Ndiyo mambo ya mwanamume mwenye saksofoni, aliwaza, anapendwa mpaka na watu ambao hawaruhusiwi kumtazama usoni.

Jioni alisonga bugali, akatenga na ndakala, dagaa wa ziwani, akangoja mumewe anawe mikono.

– Siku ya posho munakwenda Usumbura.

– Ndiyo. Muzungu wa mashine ya kunasa sauti iko anatungoya siku ya yenga.

– Mutapiga nini?

– Nyimbo mbili. Wako, na ule mupya.

– Ule mupya usiupige.

Casimir aliacha tonge juu ya sahani.

– Constance, niombe kintu ingine.

– Nimekuomba hii.

– Siwezi.

– Ju ya nini?

– Siwezi kukuambia. Niliapa.

– Uliapia nani? Adolphine?

Casimir alirudi kwenye tonge lake; safari hii hakuwa na tete mdomoni la kusingizia.

– Basi sikia, alisema Constance. Ukiupiga ule wimbo kwa ile mashine, bantu ba Usumbura mpaka Léopoldville batasikia vile huyo mwanamuke anapumua. Mi sitakuwa hapa. Ukirudi utakuta nyumba wazi.

– Unavunja ndoa ju ya wimbo?

– Ungelala naye, ningelia. Ningekutukana mbele ya bantu. Labda ningekusamehe. Lakini wimbo, Casimir. Wimbo ulikuwa unautoa kwangu. Sasa mi ni nani kwa nyumba hii? Wa kupiga pasi mashimizi?

– Constance, mupenzi, ningoye mpaka siku ya posho. Siku mbili tu.

– Kila muntu ananiambia ningoye siku. Munapanga pamoja?

Hakujua alivyokaribia ukweli. Casimir alimtazama kwa hofu, na ile hofu yeye akaisoma kuwa ni dhambi.

Alhamisi asubuhi Casimir aliaga kwamba anakwenda kukata matete. Alibeba sanduku la saksofoni. Mtu anakata matete kwa saksofoni? Constance alimwacha afike kona, akafunga mlango, akafunga kitambaa kiunoni kama mwanamke anayekwenda kupigana, akashika njia ya mto Mutambala.

Nyumba ya Adolphine ilikuwa ya mwisho, ukuta wa udongo uliopakwa chokaa. Hakuwa na haja ya kuutafuta mlango. Alisikia tangu mbali. Mwanamke aliimba mstari bila maneno, sauti nzito, iliyochakaa, isiyojali kupendeza. Saksofoni ikaurudia. Sauti ikaimba tena, mahali pale pale, ikikaza pale ambapo saksofoni ilikosea. Casimir akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliye nyumbani. Constance hakuitambua sauti ya mwanamke yule, wala hakutaka kuisikia zaidi. Alisukuma mlango wa nyuma.

Casimir alikuwa kwenye kiti kidogo, mgongo kwake. Adolphine alikuwa dirishani nyuma ya cherehani yake, mikono mapajani. Katikati ya chumba, kutoka ukuta hadi ukuta, ulining'inizwa mkeka mpana uliogusa sakafu.

Adolphine ndiye aliyemwona kwanza.

– Constance, hapana. Usi...

Lakini Constance alikuwa ameshauona ule mkeka, na nyuma ya mkeka aliona kitanda, aliona shuka, aliona kila kitu alichokiwaza kwa siku nne. Aliushika kwa mikono miwili akauvuta. Kamba ikakatika, mkeka ukaanguka, vumbi likaruka.

Hapakuwa na kitanda. Chini sakafuni, miguu imenyooshwa mbele, kitambaa cha kichwa kikiwa mapajani kwa sababu ya joto, mvi zote nje, alikuwa ameketi mama yake.

Kwa muda wa pumzi moja Florentine na Casimir walitazamana uso kwa uso. Kisha mama akajifunika kichwa kizima kwa kitambaa, na Casimir akaiachia saksofoni juu ya kiti, akatoka mbio kwa mlango wa nyuma bila viatu.

Nani wa kueleza aibu ile kwa mtu asiye wa huko? Mkwe na mama mkwe wakikutana njiani, mmoja anaingia majanini. Wakizungumza, wanazungumza kwa ukuta au kwa mtu wa kati. Na Constance, mtoto wa kuzaa, alikuwa amesimama na kamba mkononi, amemwanika mama yake kichwa wazi mbele ya mume wa bintiye.

– Funga mulango, alisema mama kutoka ndani ya kitambaa.

– Mama...

– Funga kwanza. Anaweza kugeuka.

Adolphine alikwenda akafunga. Constance alibaki pale pale.

– Mama, we unafanya nini huku?

– Naimba. Si umesikia.

– Tangu lini unaimba?

– Tangu mbele ya kukuzala. Ni wimbo ya kwa nyumba ya kuzalia. Batoto batatu balikuya mbele yako, batatu bakarudi kwa udongo. We ulipokuya ulikuwa mudogo, hulii. Bamama bakaimba usiku na mchana, bakikuambia usigeuke nyuma, nyumba ni hii, moto ni huu. Mi niliimba mpaka sauti ikakauka. Ukabaki.

Constance aliketi chini bila kuchagua mahali. Sasa alielewa kwa nini alitaka kulia kwenye baa ya Anatole, na kuelewa huko hakukumsaidia kitu.

– Na Casimir?

– Mwaka jana, na ile homa yako, nilikuimbia tena. Yeye alikuwa uani. Alisikia kwa ukuta. Akamuomba Adolphine anifikishie neno. Adolphine nilimuzalisha mapacha kwa wimbo hii hii, anaijua mwanzo, lakini yote hapana. Nikakataa. Akaomba tena. Mi nakohoa kila asubui, Constance, sauti yangu inakwisha. Nikakubali, kila siku ya ine nashuka hapa, na mukeka katikati. Maneno ni ya bamama, mwanaume hapewi. Lakini sakso haina maneno. Nilimupa sauti tu.

– Mungeniambia.

– Tukuambie we? Adolphine alisema, na sauti yake haikuwa na huruma. Ungemwambia Kulthumu, na Kulthumu angepumzika kwa kila kichaka mpaka Fizi. Bajomba bako bangesikia kama mama anamufundisha mukwe wimbo ya kuzalia. Nani angelipa ile aibu? We?

Constance hakuweza kubisha. Alijijua. Lakini wivu haufi kwa kuelezwa, na wake ulikuwa umebaki na kidole kimoja mlangoni.

– Mama, mi ni mutoto yako. Wimbo ni wangu, niliimbiwa mi. Kwa nini umupe yeye, usinipe mi?

Florentine alishusha kitambaa kidogo, macho yakaonekana.

– Nilikupa.

– Lini?

– Ulikuwa na miaka kumi na sita. Umetoka kwa shule ya masœur ba misheni, uko na viatu. Nikakuita tukiwa shambani nikuambie: kaa hapa, nikufundishe. Ukacheka. Ukasema, "Mama, hizo ni nyimbo ya bashenzi." Mwaka uliofwata nikakuita tena. Hukucheka. Haukukuja tu.

Constance alikumbuka viatu. Alikumbuka hata rangi yake. Shamba na maneno vilikuwa havimo kichwani mwake kabisa, na hilo ndilo lililomuumiza, kwamba kitu kilichokaa ndani ya mama yake miaka yote ile, yeye hakukitunza hata siku moja. Alilia bila kujifunika.

– Nisamehe, mama.

– Nilisamehe zamani. Ya leo ndiyo bado.

– Nifanye nini?

– Bwana yako atatafuta kuku jike ya kuosha hii aibu. Utaibeba we mwenyewe mpaka kwangu, kwa miguu, si kwa kamio. Siku ile kuku imepita kati yetu, mi na yeye tutaweza tena kukaa na mukeka. Mbele ya hapo hapana, hata uweke mikeka kumi.

– Na Usumbura ni siku ya yenga.

– Ndiyo. Na kipande cha mwisho hana. Leo ndiyo nilikuja kumupa, halafu siku ya posho nipite kwako nikuambie yote nikusikie ukilia. Umenitangulia.

– Basi wimbo unabaki nusu.

– Unabaki nusu. Ao unakibeba we.

Constance alipangusa pua kwa kiganja.

– Mi sijui kuimba, mama.

– Najua. Sogea.

Kipande cha mwisho ni kile ambacho wanawake hawakiimbi mpaka wawe na hakika kwamba mtoto amebaki. Ni kifupi, lakini kinageuka mahali ambapo sikio halitegemei, na Constance alikikosea mara ishirini. Mama alimpiga gotini kila alipokosea. Adolphine alirudi kwenye cherehani yake, akashona, akajifanya hasikii. Jua lilikuwa limesimama wima mama aliposema: "Sasa mupelekee."

Casimir alikuwa ameketi kwenye jiwe la kufulia, uso kwa mto, miguu ndani ya maji. Hakugeuka aliposikia hatua.

– Yuko na wewe?

– Niko peke yangu.

Akageuka. Walitazamana, wote wawili na aibu zao.

– Ulinidanganya na mashimizi, alisema Constance.

– Ilikuwa ni uongo mubaya.

– Ulikuwa mubaya sana.

– Mama alisema siku ya posho utajua. Nilikuwa nahesabu masaa. Constance, wimbo zote nilitoa kwako. Na hii pia. Ulikuwa na homa, huamuki, mi niko inje nalia, na mama anakuambia ubaki. Nilisikia kwa ukuta nikasema, siku moja nami nitaisema hii kwa sakso. Nilitaka ubaki. Hakuna kintu ingine ndani yake.

Constance alikaa juu ya jiwe karibu naye. Alikuwa na mambo mengi ya kusema, akayaacha.

– Sikiliza, alisema.

Akaimba. Sauti yake ilikuwa mbaya, ilipasuka kwenye ule mgeuko, lakini ilipita. Aliimba bila maneno, maana maneno alikuwa nayo sasa na hayakuwa ya mwanamume.

– Hapo mwisho inashuka? aliuliza Casimir.

– Haishuki. Inabaki juu.

– Lakini sikio inataka...

– Sikio yako. Mama amesema inabaki juu.

Akaurudia tena na tena, na Casimir akaufuata kwa kinywa, akipiga kidole kwenye goti lake. Mara ya tisa hivi alijisahau, akasema: "Rudilia hapo." Constance alirudilia.

Jumamosi kamio ya Lukmani ilibeba Mawimbi Jazz yote, na Constance juu ya magunia, kupitia Makobola na Uvira hadi Usumbura. Kuku jike alikuwa ameshanunuliwa, amebaki kwa Kulthumu, ambaye aliambiwa tu kwamba ni kuku wa kufuga.

Jumapili yule mzungu wa mashine alikuwa na haraka. Walipiga "Constance" mara moja, ikakubalika. Kisha Casimir akasimama peke yake mbele ya kile chuma cha kunasia sauti. Alipofika mwisho hakushuka. Alibaki juu, akaishikilia sauti mpaka pumzi ikakwisha, na mzungu akasahau kuzima mashine.

Karani wa Kiafrika, mtu wa tai na miwani, alifungua daftari.

– Wimbo wa kwanza, mutungaji?

– Casimir, alisema Placide.

– Wa pili?

Karani aliinua macho.

– Nimeuliza wa pili ni ya nani. Ni wewe tena?

– Hapana, alisema Casimir. Si yangu.

– Basi taja mwenyewe.

Casimir alitazama viatu vyake. Jina la mama mkwe halipiti mdomoni mwa mkwe, hata kwa karani, hata Usumbura. Alimeza mate. Placide na wenzake walianza kukagua vyombo vyao, kila mtu ghafla na kazi.

– Muko bantu ya ajabu, alisema karani. Naandika haijulikani.

Constance alisimama.

– Andika Florentine Wabiwa.

– Ni wewe?

Nisiwadanganye, alisita. Hakuna mtu pale ambaye angembishia. Mumewe mwenyewe asingeweza kufungua kinywa amsahihishe. Wimbo uliomnyima usingizi wiki nzima ulikuwa mbele yake, kalamu imeinuliwa, na alichotakiwa ni kuitikia kwa kichwa tu.

– Hapana, alisema. Ni mama yangu. Alinipa mi wa kwanza, nikamukatalia. Andika vile.

– Hiyo ya kukataa haina fasi kwa daftari, mama.

– Basi andika jina, na uliandike muzuri.

Akalitaja tena, taratibu, herufi moja moja, akisimama juu ya bega la karani aone. Casimir aligeukia ukuta kwa heshima, akakaa hivyo mpaka herufi ya mwisho ilipoandikwa.